Prodigy P3 kwenye SUV ya familia: kifaa safi, jasho liko kwenye nyaya

Tekonsha Prodigy P3, kidhibiti kinachokaa ndani ya gari na kupeleka umeme kwenye breki za trela, ni kifaa ninachokipenda, na yeyote anayevuta trela yenye breki za umeme nitamwambia anunue. Ila usidhani ukishakitoa kwenye boksi kazi imekwisha. Kukifunga chini ya dashibodi ni suala la bano na skrubu chache tu. Nyaya ndizo zitakazokutoa jasho, hasa kama SUV yako ni ya kubebea watoto na haikutoka kiwandani ikiwa imeandaliwa kuvuta mzigo mzito.

Nilichokipendea ni hiki. Vidhibiti vya bei nafuu vingi hufuata muda: ukikanyaga pedali, baada ya kitambo kidogo trela inapata umeme uleule uliopanga, hata kama umegusa tu. P3 ina kihisi ndani yake kinachopima gari linavyopunguza mwendo, kisha inapeleka umeme kwa kiasi hicho. Ukibonyeza taratibu kwenye foleni, karavani ninayovuta nayo inashika taratibu. Ukikanyaga kwa ghafla, inashika papo hapo. Mke wangu, ambaye zamani alikuwa anang'ang'ania mpini wa mlango kila tukiteremka mlima, siku hizi analala. Kwa sababu ya kihisi hicho, ni lazima kifaa kielekee mbele gari linakoelekea. Ukikifunga upande upande, kinasoma uongo.

Kabla ya kutoboa chochote, angalia kama gari lina eabegi ya magoti upande wa dereva. SUV nyingi za sasa zinayo, na iko palepale ambapo mkono unataka kupeleka skrubu. Mimi nimekifunga pembeni zaidi, na kwa vile P3 inachomoka kwenye bano lake, trela ikiwa haipo naiweka kwenye droo ya dashibodi.

Sasa nyaya. Ziko nne. Nyeusi inatoka kwenye chanya ya betri kupitia saketi breka (kinga inayokata umeme ukizidi) inayojirudisha yenyewe: ampea 20 kwa trela ya ekseli moja au mbili, 30 kwa ekseli tatu. Nyeupe ni ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), na hapa ndipo mafundi wengi wanapofanya uvivu, wanaibana kwenye bolti yoyote ya bodi iliyo karibu. Ipeleke mpaka hasi ya betri. Bolti yenye rangi au kutu inakuletea breki zinazoshika leo na kulegea kesho, na utaishia kukilaumu kifaa bure.

Nyekundu ndiyo inayohitaji akili. Inaungwa kwenye swichi ya taa za breki, juu ya pedali, lakini upande ambao umeme unafika pale tu unapokanyaga. Usiamini rangi ya waya wa gari. Chukua multimita: pedali ikiwa juu isome sifuri, ukikanyaga isome volti 12 na ushee. Kisha washa hazadi (taa za dharura zinazopepesa) bila kugusa pedali. Kama mita inapanda na kushuka pamoja na taa, umeshika waya siyo, na trela itakuwa inafunga breki kila taa inapopepesa. Nimeona gari limefanyiwa hivyo na fundi aliyelipwa, na mwenye gari alikuwa akilalamika kwamba magurudumu ya trela yanachemka.

Buluu inakwenda nyuma hadi kwenye soketi ya pini 7. Kama gari lako lina plagi ya pini 4, hiyo ni ya taa tu, haina njia ya breki kabisa, kwa hiyo waya mpya lazima upite chini ya gari mbali na ekzosi. Seti ya nyaya niliyonunua, ambayo kampuni yake siitaji, ilikuja na buluu nyembamba kama ya taa ya namba. Sumaku moja ya breki hula kama ampea 3, na ekseli mbili zina sumaku nne, piga hesabu. Niliitupa pembeni nikavuta waya wa geji 10 (geji ni kipimo cha unene wa waya). Ni mnene na mkaidi kuupinda, lakini haupotezi volti njiani.

Kupanga nguvu ni rahisi: barabara tambarare na kavu, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sukuma swichi ya mkono iliyo kwenye kifaa hadi mwisho. Magurudumu ya trela yakijifunga, punguza; yakivuta kivivu, ongeza. Kitufe cha Boost kina ngazi tatu za kuongeza mshiko wa mwanzo. Mimi natumia B1, ngazi ya kwanza, karavani ikiwa imejaa, na ikiwa tupu nakizima.

Kama trela yako ina breki zinazojisukuma zenyewe kwenye kiungio cha mbele, hiki hukihitaji. Na hata ukikifunga, uzito wa mwisho wa kuvuta ulioandikwa kwenye kitabu cha gari hauongezeki hata kilo moja.