Mizani ya ndege ya Mafia na peasi zangu

Nianze na hasira, mengine yatafuata. Nimetoka Lushoto alfajiri, basi limeteremka kona zote za Soni hadi Mombo, mtoto wa siti ya pembeni katapika mara mbili, na mimi boksi la peasi nimelipakata hadi Mbezi, Dar, lisipondeke. Dada yangu ameolewa Kilindoni, kule Mafia, miaka na miaka hajang'ata peasi ya kwetu. Nikalala kwa mjomba, asubuhi nikaenda uwanja wa ndege, lile jengo la zamani la ndege ndogo.

Kumbe mwisho kilo 15, begi na kila kitu. Hilo nakubali, limeandikwa kwenye tiketi, sikusoma. Ila yule binti wa kaunta! Akanipandisha mwenyewe kwenye mizani mbele ya foleni nzima, akazitaja kilo zangu kwa sauti kama yuko mnadani. Nikauliza, zilizozidi si nilipie? "Mama, hii si daladala." Boksi akalisukuma kwa mguu. Chakula, kwa mguu! Nyuma yangu mzungu kapita na begi la kuzamia lililonizidi kimo. Labda alilipia mapema. Siku ile sikutaka kujua.

Kijana wa mizigo akalichukua boksi: "Litakuja kesho, mama." Nikapanda nimenuna.

Ndege ina injini moja, kisogo cha rubani unakiona, safari kama nusu saa tu. Chini delta ya Rufiji, mikoko na maji yamejisokota hadi baharini. Nikasahau kununa, kisha nikakumbuka. Kilindoni dada alinitazama mikono kabla ya uso. Hapo nikaapa: kurudi ni boti ya Nyamisati, hata nitapike njia nzima.

Kesho yake jioni simu ikaita. Boksi limefika, limefungwa upya kwa kamba, jina langu limeandikwa kwa kalamu nene, wala sikudaiwa hata senti. Niliweka peasi 40, nne hazikuwemo. Dada akasema mbebaji ana haki yake.

Basi kijana wa mizigo nampa nyota zote tano. Binti wa kaunta, sifuri. Kampuni yenyewe... tiketi ya kurudi nimeshakata, ndege hiyohiyo, msiniulize. Dada kanifungia nazi na pweza mkavu. Kilo sijapima.