Kusadikika: nakala ya mtumba niliyomsomea bibi

Kitabu hiki cha riwaya nilikinunua Mtwara mjini, kwenye meza ya vitabu vilivyotumika, shilingi 4,000. Muuzaji aliniapia kimekamilika. Nilipofika nyumbani Mikindani nikakuta karatasi mbili zimechomoka, ikabidi niazime nakala ya mwalimu jirani ili nisome palipokosekana. Nyota niliyoipunguza katika tathmini hii ni ya muuzaji. Kitabu kinastahili zote.

Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Nchi ya hadithi yake, Kusadikika, kaiweka angani, kwa hiyo hakuna mtawala aliyeweza kusema ametajwa yeye. Waziri Majivuno anamshitaki Karama kwa kosa la kuanzisha elimu ya sheria. Karama anajitetea siku sita, na kila siku anasimulia habari za mjumbe mmoja: kulikuwa na waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Walirudi na mema waliyoyaona huko, wakatiwa gerezani.

Bibi yangu haoni maandishi tena, basi nilikuwa namsomea kwa sauti baada ya magharibi. Siku ya tatu akanikatiza: "Mjukuu wangu, mbona wanafungwa wanaorudi? Angebaki hukohuko nani angemgusa?" Usiku ule sikulala mapema. Ndiyo siri ya utawala wa kidhalimu, na mwandishi kaiweka wazi bila kupaza sauti: mtu aliyeona kwingine amepata cha kulinganishia, na akilinganisha atauliza. Shuleni niliandika insha kadhaa juu ya udikteta. Hakuna iliyoniingia hivi.

Lugha yake ni nzito, hasa hotuba za barazani. Usikisome ukiwa na haraka. Majina yanabeba tabia za watu waziwazi, nami nilipenda, maana msikilizaji hapotei hata akisinzia kidogo.

Kinachonikera ni mwisho. Mfalme anashawishika, wafungwa wanaachiwa, haki inashuka kutoka kitini kwake kama zawadi. Nilitamani raia wa Kusadikika wenyewe wasikike zaidi, kwa sababu waliofungwa walitumwa kwa faida yao.

Bibi hakubaliani nami hata kidogo. Pale wanapoachiwa alitaka nirudie mara mbili, huku akiwahesabu kwa vidole asije akasahauliwa mtu: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa, Amini.