TAHADHARI: Msinunue "mbegu za uyoga wa kichuguu"

Wakulima wenzangu wa uyoga, kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza "mbegu za uyoga wa kichuguu", chupa shilingi 10,000. Anaahidi kwamba ndani ya mwezi utavuna ule ule tunaookota porini mvua zikianza. Nilichukua chupa 12 kwa mkopo wa kikoba. Tafadhali msirudie kosa langu.

Chupa zilifika safi, punje za mtama zimefunikwa utando mweupe, nikaamini. Nikachemsha majani makavu ya migomba, nikapanda kwenye mifuko, nikaitia chumba cha giza kama alivyoelekeza. Baada ya wiki nne yakatoka mashada yenye mashina mafupi yaliyoota pembeni mwa kofia, na mistari ya chini ya kofia ikishuka hadi kwenye shina. Mama mkwe akainama, akaushika, akasema, "Mwanangu, huu si mamama?" Ulikuwa mamama kweli, ule uyoga wa kawaida unaolimwa kwenye mifuko, na mbegu yake huku kwetu naipata kwa nusu ya bei ile.

Uyoga wa kichuguu shina lake liko katikati, kofia ina ncha juu, na ukiung'oa taratibu unatoka na mzizi mrefu. Mzizi huo unashuka hadi kwenye masega ya mchwa. Mchwa hutafuna majani na miti mikavu, hujenga masega ndani ya kichuguu, utando wa uyoga hukua humo na wao huula. Maabara wanaweza kukuza utando huo, lakini kuutoa uyoga wenyewe kwenye mifuko, bila mchwa, ukauvuna kwa biashara, hilo halijawezekana.

Sasa muuzaji huyo ametangaza na ule uyoga wa njano wa misitu ya miombo! Huo unaishi kwenye mizizi ya miti iliyo hai na sukari yake unaipata kwa mti. Punje za mtama zitaufanyia nini?

Nilipompigia alisema sikumwagilia vizuri, kisha akaniblock.

Mtu akikuletea habari hizi, mwambie akupeleke bandani kwake uung'oe mwenyewe, uone kama una mzizi. Na mliokwisha kulipa, msifute ujumbe wa muamala. Wangu nimeupeleka polisi pamoja na chupa mbili ambazo sikuzifungua.