Nyavu za kunasia sungura kwa fereti: kagua pete na kamba kabla ya uzi

Kila Oktoba, majani yakianza kupukutika Uingereza, malalamiko ya wasomaji walioko huko huwa yale yale. Dazeni nzima ya nyavu mpya, sungura kachomoka shimoni, kaupiga wavu kichwa, kapita. Wengi huulaumu uzi. Wengine humlaumu fereti, na mbwa naye hupata fungu lake la matusi. Mara nyingi kosa liko kwenye pete mbili na kamba inayopita ndani yake, sehemu ambayo hakuna muuzaji anayeipiga picha kwa karibu.

Kwa ambaye hajawahi kuuona uwindaji huu: fereti ni mnyama wa ukoo mmoja na kicheche wetu, ila amefugwa kwa karne nyingi. Anaingizwa kwenye shimo, sungura wanatoka mbio kwenye mashimo mengine, na kila shimo limefunikwa wavu. Kwetu hauwezekani, kwa sababu sungura pori wa Afrika Mashariki hachimbi, hulala juu ya ardhi kwenye majani. Yule wa Uingereza ni jamii ile ile tunayofuga mabandani kwa nyama, naye huishi chini, kwenye mashimo yaliyounganishwa kama vichochoro vya Mji Mkongwe. Bunduki ina nafasi yake, jioni, sungura akiwa ametulia malishoni na nyuma yake kuna mwinuko wa udongo wa kuizuia risasi. Sungura anayetimka shimoni hapigwi kwa raifo. Risasi ya .22 huonywa kwenye boksi lake kwamba ni hatari hadi maili moja na nusu, na hapo kwenye mashimo kuna mbwa, fereti na wenzako. Kazi ya shimoni ni ya wavu.

Sasa pete na kamba.

Wavu wa shimo una pete mbili, moja kila ncha. Kamba ya kukazia inaanza kwenye kigingi, inapita pete ya kwanza, inafuata macho ya pembeni upande mmoja hadi pete ya pili, inarudi kwa macho ya upande mwingine, inapita tena pete ya kwanza na kufungwa kwenye kigingi. Sungura akiugonga wavu katikati, kigingi kinashikilia, kamba inateleza, pete mbili zinakimbiliana na mdomo unajifunga nyuma yake. Yote hayo ni chini ya sekunde moja. Kamba ikikwama kwenye pete mojawapo, upande mmoja unakaza na mwingine unabaki wazi, na sungura hahitaji uwazi mkubwa.

Pete inakwamisha kwa njia tatu. Ya kwanza ni mshono wa kuchomelea. Pete za bei rahisi hukunjwa kutoka kwenye waya na kuunganishwa bila kusuguliwa, kikabaki kijino ambacho jicho halikioni. Pitisha kucha kwa ndani, ikigota ujue na kamba itagota. Ya pili ni upana. Inchi moja inatosha kwa kamba ya milimita 3 au 4, ikipungua sana nyuzi mbili za kamba zinabanana zikipita pamoja. Ya tatu ni kutu. Pete ya chuma iliyochovywa zinki ni nzuri msimu wa kwanza, halafu zinki ikichubuka pete inakuwa kama msasa. Shaba nyeupe au pete yenye nikeli inadumu. Plastiki inateleza vizuri ikiwa mpya, ila baridi kali ikishuka hupasuka.

Kamba nayo iwe ya kusuka, kama ya viatu vya michezo, isiwe ya kusokota. Ya kusokota hujikunja vitanzi ikilegea, na kitanzi kimoja mbele ya pete kinatosha kuharibu asubuhi nzima. Ya nyuzi za mimea huvimba ikilowa, na Uingereza kuanzia Oktoba hadi Machi nyasi kavu utaziona kwa nadra.

Jaribio la nyumbani ni hili. Tandaza wavu sakafuni, weka katikati pakiti mbili za sukari za kilo moja moja, ambazo zina uzito wa sungura mnono. Kamata kigingi, vuta kwa ghafla mara moja. Wavu mzuri unafunga na sukari iko ndani. Mbovu utaburuta pakiti huku mdomo umeachama upande mmoja. Kisha loweka kamba kwenye maji nusu saa, urudie. Nyavu nyingi zinazofaulu zikiwa kavu zinafeli hapo, na muuzaji atakwambia kamba "italainika yenyewe". Mwambie ailainishe kwanza ndipo akuuzie.

Tukishamaliza hilo, orodha yenyewe.

Ya kwanza: nailoni ya kusokotwa, 10z, futi 4

Namba hiyo ya z ndiyo unene wa uzi, ikipanda uzi unanenepa. Ya 10z ina uzito wa kutosha kulala juu ya shimo upepo ukivuma, haikati vidole unapomtoa sungura, na haiozi. Macho yawe ya inchi 2 kutoka fundo hadi fundo, na upana wa macho 18 hivi. Hapo pana sababu: fereti lazima aweze kupenya jicho akitoka bila kuufunga wavu, na sungura mkubwa asiweze. Macho yakiwa madogo fereti hunaswa, hukasirika, na utapoteza dakika kumi kumnasua huku sungura chini wanatulia.

Angalia futi 4 zinapimwaje. Wauzaji wengi hupima pete hadi pete wavu ukiwa umevutwa kwa nguvu zote. Ukiutandaza kwa upana wake wa kazi, unarudi futi 3 na kidogo. Shimo la kawaida halina shida nalo, lakini kwenye mdomo uliobomoka na kupanuka wavu huo ni leso. Uliza swali moja kwa maandishi: ni futi ngapi ukiwa umelegea? Asiyejibu, pita.

Ya pili: hempu

Hempu ni nyuzi za mmea wa jamii ya bangi, siyo katani yetu ya mkonge. Wazee wa kazi hii wanaipenda na wana haki: ni nzito, inalala kama shuka, haijiviringi ovyo, na fundo halilegei. Ila ukiikunja mbichi na kuisahau mfukoni wiki moja, unakuta ukungu, na msimu ujao inakatika kama tambi. Lazima ianikwe ndani, mahali penye hewa, kila baada ya kazi. Bei yake ni mara mbili ya nailoni na zaidi. Ukinunua hempu, agiza kamba ya kukazia iwe ya kusuka ya nailoni. Hempu yenye kamba ya hempu inapendeza ikining'inia ukutani, kwenye mvua ndiyo ile inayovimba niliyoisema.

Ya tatu: wavu mrefu

Huu ni ndugu wa jarife, na mvuvi yeyote wa pwani atauelewa haraka kuliko Mwingereza wa mjini. Unasimamishwa kama ukuta kuzunguka mashimo au kando ya ua wa miba, yadi 25, 50 au 100. Unafaa pale mashimo yamejificha ndani ya vichaka na huwezi kuyafikia yote kuyafunika.

Siri yake ni ulegevu. Wavu wa yadi 50 uwe umeshonwa kwa takriban yadi 100 za neti, ili sungura akigonga ajiviringe ndani ya mfuko. Wauzaji hupunja hapo hapo. Neti iliyonyooka kama ya goli inamrudisha sungura alikotoka. Shika kamba ya juu na ya chini, nyoosha mita moja, halafu vuta neti ya katikati kwako: ikikataa kuja, rudisha. Vijiti vya kuusimamisha vya glasi-faiba ni vyepesi, vya hazeli, mti mdogo wa kule, huingia vizuri ardhi laini. Usianze na wavu huu kama hujazoea, maana ukijisokota gizani unataka utulivu wa mvuvi.

Zinazobaki

Nailoni nyembamba ya 4z inafaa kama nyavu za akiba, kwa siku isiyo na upepo. Uzi mmoja mnene wa plastiki, ule wa mshipi wa kuvulia, usinunue: unakumbuka mikunjo yake na fundo linateleza. Basi.

Rangi, kigingi, idadi

Wauzaji wametuingizia biashara ya rangi za msituni na kuongeza bei juu yake. Sungura anatoka gizani mbio, kafukuzwa na mwenye meno, hatazami rangi. Anayehitaji rangi ni wewe, jioni, unapookota nyavu kwenye miba. Wavu wa kijani uliosahaulika kwenye ua unaweza kunasa kalunguyeye au mbweha, akafa polepole bila mtu kujua. Nunua ya chungwa au njano. Kama umeshanunua kijani, funga utepe mwekundu kwenye kila kigingi, na uhesabu nyavu kabla na baada.

Kigingi kinategemea udongo, na hili huwezi kulisoma kwenye tangazo. Breckland, mpakani mwa Norfolk na Suffolk, ni mchanga. Sungura walifugwa huko kibiashara enzi za kati, na karibu na Thetford bado imesimama nyumba ya mawe ya mlinzi wao, iliyojengwa kama mwaka 1400. Kwenye mchanga huo kigingi cha inchi 8 kinang'oka na sungura anaondoka na wavu wako, chukua inchi 12. Kwenye vilima vya chaki vya kusini, hazeli inagonga mwamba, hapo chuma. Kwingine hazeli ya inchi 8 hadi 10 inatosha. Na soma vizuri tangazo: picha ina kigingi, bei haina. Huo ni ujanja wa kila siku, dazeni ya vigingi inakuja kama bili ya pili.

Idadi: dazeni haitoshi. Mji wa mashimo wa wastani kwenye ua una midomo 10 hadi 20, na kuna ya siri chini ya miba ambayo hugundui mpaka sungura atokee hapo. Nunua 25. Baada ya kunasa, unaziba shimo kwa mguu, unamtoa sungura na kumvunja shingo mara moja, kisha unatandaza wavu mwingine kabla ya kukunjua ule wa kwanza. Bila akiba unakunjua huku wa pili anakupita miguuni.

Unapotandaza, pete ya chini iingie kidogo ndani ya mdomo wa shimo, ya juu ikae upande wa kigingi, kigingi kiwe juu ya shimo au kando, kamba isipite chini ya mzizi wala mwiba. Ng'oa kijiti kinachojitokeza mdomoni. Usizungumze, usikanyage juu ya mashimo kwa kishindo. Mbwa akae nyuma. Teria, mbwa mdogo wa kuwinda, au lacha, yaani chotara wa grehaundi, mbwa wa mbio, aliyefundishwa atakuonyesha shimo lenye watu kwa kuinamisha kichwa na kusimama kimya, na atamkamata aliyepita wavu. Asiyefundishwa atakanyaga kamba, na kamba iliyokanyagwa haitelezi hata ingekuwa na pete ya dhahabu.

Kifaa cha kumtafutia fereti

Hiki hakimo kwenye nyavu lakini kinanunuliwa siku hiyo hiyo. Fereti akimpata sungura kwenye kona isiyo na njia, hukaa naye chini, nawe lazima uchimbe. Kola yenye kitoa mawimbi shingoni na kipokezi mkononi ndivyo vinavyokuonyesha alipo na kina chake. Kwa hili sizungushi maneno: chukua Deben. Ni kampuni ya Uingereza ambayo vifaa vyake vimezoeleka kwa wawindaji wa fereti, kwa hiyo ni rahisi kumpata mtu wa kukufundisha namna ya kuvisoma. Kabla ya kila uingizaji jaribu kola juu ya ardhi, badilisha betri kwa ratiba, usingoje ife. Funga utepe wa umeme kuzunguka kifuniko cha betri, unyevu ukiingia kola inanyamaza.

Vya mitumba ndivyo vinavyouzwa kwa maneno matamu zaidi. Kola za toleo moja si lazima zisomwe na kipokezi cha toleo jingine, na muuzaji anayechanganya masanduku mawili ya zamani hakwambii. Ukionana naye, mwambie azike kola futi 3 kwenye bustani yake, nawe uitafute. Akikataa kuchimba, weka pesa mfukoni.

Jambo la mwisho la kubeba halina bei: barua ya ruhusa. Chini ya sheria ya huko, Ground Game Act ya 1880, mwenye kulitumia shamba ana haki ya kuua sungura, na anayemruhusu mwingine humruhusu kwa maandishi. Iweke ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ule ule wenye utepe wa umeme na betri za akiba.