Alaska kwa meli: nilibeba koti kubwa, nikasahau mvua

Nianze na koti, maana ndilo lililokula nusu ya sanduku. Ni lile la manyoya ya bata, nene, refu hadi magotini. Ukilivaa unaonekana kama godoro linalotembea. Nililinunua kwa ajili ya safari ya meli ya siku saba kusini-mashariki mwa Alaska, mwishoni mwa mwezi wa tano, nikajiambia baridi sasa ije tu. Barua ya waandaaji wa matembezi ya nchi kavu nayo ilinitia moyo. Ilisema "vaa nguo za joto", basi. Neno mvua halikuwamo, wala upepo, wala jasho.

Kituo cha kwanza kilikuwa Juneau, mji mkuu wa jimbo ambao hauna barabara ya kuufikia kutoka nje. Unaingia kwa maji au kwa ndege. Kutoka bandarini hadi mto wa barafu wa Mendenhall ni kama kilomita 19. Basi linakushusha, halafu unatembea kwa miguu hadi maporomoko ya Nugget, kama kilomita tatu kwenda na kurudi. Njia yenyewe rahisi, hata mtoto anaimudu. Baridi haikuwa ya kutisha hata kidogo, na ndani ya dakika kumi nilikuwa natiririka jasho ndani ya godoro langu. Nikafungua zipu yote, nikaendelea kutembea kwa madaha.

Kisha tukatokeza ufukweni mwa ziwa, na upepo ukatupokea. Hewa iliyolala juu ya barafu hupoa, ikipoa huwa nzito, na uzito huo ndio unaoiteremsha bondeni kuja kukupiga kifuani. Fulana yangu ya pamba ilikuwa imelowa jasho mgongo mzima. Upepo ulipoigusa nikahisi kama nimebandikwa taulo lililotoka kwenye friji. Nikataka kufunga koti, vidole vikagoma. Hebu fikiria: maporomoko ya mita 115 yananguruma mbele yangu, watu wanapiga picha, mimi nimeinamia zipu kama fundi saa.

Mama mmoja mtu mzima, tuliyekuwa tukikaa naye meza moja wakati wa chakula cha jioni, akaja akanifungia bila kuniuliza, halafu akatoa soksi nene za sufu begini mwake.

"Vaa mikononi."

"Mikononi, mama?"

"Mikononi, mwanangu. Vidole vikikaa pamoja vinapashana joto."

Nikavaa. Picha zangu zote za Nugget nina mikono ya kikaragosi. Ila ilifanya kazi, na tukiwa njiani kurudi nikamtazama vizuri yeye alivyojiandaa: fulana nyembamba ya sufu iliyobana mwili, sweta jepesi, na juu yake koti la mvua jembamba lenye kofia, lisilopitisha upepo. Vitatu tu. Njia ikipanda anavua sweta, tukisimama analirudisha. Sufu hata ikilowa bado inaacha joto kidogo mwilini. Pamba ikilowa inakunyonya. Nilikuwa nimeyasikia hayo siku nyingi, lakini sikuwa nimeyasikia kwa mgongo.

Jioni ile nikapata koti la mvua palepale melini, la rangi ya chungwa, saizi moja zaidi ya yangu. Hiyo saizi ya ziada ikaja kuwa bahati, kwa sababu sweta linaingia chini yake bila kubana. Kama ingekuwa nitoe nyota, hilo ni tano.

Kule Skagway, mji mwingine wa bandari, koti hilo lilijithibitisha. Tulipanda treni ya White Pass, reli iliyojengwa kati ya 1898 na 1900, inayopanda karibu mita 870 ndani ya kilomita 32. Behewa lina joto la kusinzia, lakini uzuri wote uko nje, kwenye kibaraza cha behewa, kwa hiyo unatoka na kuingia mara ishirini. Vaa, vua, vaa. Na koti zito hiyo kazi usingeiweza. Njiani tukasimuliwa kwamba enzi za mbio za dhahabu, watu walipomiminika kuisaka Kanada, polisi wa huko hawakumruhusu mtu kuvuka mpaka bila chakula cha mwaka mzima. Pamoja na vifaa, mzigo ulifika karibu tani moja, na ulibebwa kwa awamu. Farasi kama 3,000 walifia kwenye njia ile. Nikatazama bondeni, nikaacha kulalamikia sanduku langu.

Mchana ilikuwa zamu ya helikopta kwenda kutua juu ya barafu. Wanakupima uzito ukiwa na nguo zako zote, mabegi hayaruhusiwi, na wanakupa viatu vyao vya kuvalia juu ya vyako. Buti nzito nilizozibeba safari nzima, kazi bure. Kwa hiyo uliza kwanza wanatoa nini kabla hujanunua, na uwe na mifuko yenye zipu, maana ndiyo begi lako. Dakika chache kabla ya kuruka wingu likashuka, safari ikafutwa. Pesa walirudisha bila mabishano. Niliumia, lakini rubani anayekataa kuruka kwenye wingu simlaumu.

Koti kubwa nisilionee. Ndani ya ghuba ya Glacier Bay meli haitii nanga mjini. Inasogea taratibu hadi mbele ya barafu ya Margerie, nanyi mnasimama sitahani mkisubiri kipande kimeguke. Saa mbili nzima bila kutembea, upepo usoni. Pale godoro lilikuwa mfalme, wenzangu wenye vikoti vyembamba wakawa wanakimbilia ndani. Simu yangu ikazimika ikiwa bado na chaji asilimia 35, kisa baridi. Nikaiweka mfuko wa ndani karibu na mwili, baada ya robo saa ikawaka. Kipande kikubwa kilikuwa kimeshadondoka, bila shaka.

Saa nayo ina mambo yake. Simu hujibadilishia saa yenyewe ikinasa mtandao wa nchi kavu, na si lazima ilingane na saa ya meli. Mimi nilivaa saa ya mkononi niliyoiseti kwa saa ya meli na sikuigusa tena. Kama matembezi umeyapanga mwenyewe nje ya meli, ukichelewa meli haitakusubiri.

Mwisho Ketchikan, ambako hunyesha karibu mita nne za mvua kwa mwaka. Nilishuka najidai: fulana ya sufu, sweta, koti la chungwa. Nilichosahau ni kwamba nina miguu. Suruali ya jinzi ililowa kabla hatujamaliza kuvuka daraja la Creek Street, ikawa nzito, ikanata mapajani, na haikukauka hadi asubuhi ya pili, nimeitundika bafuni ikidondosha. Mwavuli wangu upepo uliupindua mara mbili nikautupa. Suruali nyepesi ya mvua ya kuvalia juu ingemaliza yote hayo, na inakunjika ikawa kama ngumi.

Siku ya kushuka nikaenda kumrudishia yule mama soksi zake, nimezifua na kuzikunja vizuri. Akanitazama mikono.

"Glavu umenunua?"

Nikanyamaza.

"Basi kaa nazo."