Mausi ya gemu za risasi kwa sisi wa pwani ya Kusini: anza na kiganja chako

Habari zenu, karibuni tena. Niko hapa Mtwara, Shangani, dirisha nimeliacha wazi kwa sababu ya joto. Mkisikia upepo wa bahari unaingia kwenye maiki mnivumilie, maana leo upepo huo nao umo kwenye mada.

Kuna mdogo wangu mmoja wa Newala kaniandikia. Anasema kwao korosho zimeshapita mnadani, na mzee kampa fungu lake kwa kazi ya kuokota na kuanika msimu mzima. Anataka mausi ya kuchezea gemu za risasi za kwenye kompyuta, Counter-Strike 2 na Valorant. Kanitumia picha za maboksi mawili: moja limeandikwa DPI 7200, jingine 12800 (DPI nitaieleza mbele kidogo). Anauliza, kaka, nichukue lipi?

Swali lake limenigusa. Hela ile najua inavyopatikana, mtu kainama chini ya mkorosho tangu alfajiri. Sitaki ipotee kama yangu ilivyopotea. Kwa hiyo mdogo wangu, hizo namba mbili ziweke pembeni kabisa. Kwanza chukua rula. Nitakwambia ya nini, ila acha nianze na kilichonikuta mimi.

Mausi yangu ya kwanza ya gemu niliinunua shilingi 15,000. Taa rangi saba, boksi linang'aa, DPI za kutosha. Nikiwa kwenye mechi, nasikia hatua za mtu nyuma yangu, nageuka kwa nguvu, na badala ya kumwona adui najikuta natazama juu angani. Nimeshakufa. Miezi minne nililaumu mkono wangu. Nilibadilisha mipangilio yote, nikahamisha meza, nikafikia kusema labda mimi si wa gemu hizi. Siku niliyoazima mausi ya rafiki yangu kule Chikongola, ugonjwa ule uliisha palepale. Mkono ulikuwa uleule.

Angalieni hapa, naigeuza chini juu. Hili tundu, na huu mwanga mwekundu ndani yake. Humu mna kamera ndogo sana, ndiyo sensa. Inapiga picha za meza maelfu kwa sekunde moja, kisha inalinganisha picha na picha ili ijue mkono umesogea wapi na kwa kiasi gani. Sasa ukivuta mkono kwa kasi kuliko uwezo wake, picha mbili zinazofuatana zinakuwa hazina kitu kinachofanana. Sensa inapotea. Inaanza kubahatisha, na wewe ndiyo unajikuta unatazama angani.

DPI ni hesabu ya hatua ambazo sensa inazihesabu mausi ikisogea inchi moja, yaani sentimita 2.54. DPI 800 ni hatua 800. Na mausi nyingi za bei ya chini zinafika kwenye namba kubwa kwa kugawa hatua moja iwe mbili, au nne, kwa hesabu tu. Ni sawa na kukata andazi moja vipande vinne ukasema una maandazi manne. Shibe ni ileile.

Na hata kama namba ni ya kweli, hutaitumia. Wachezaji wengi wa mashindano wa gemu hizi wako kwenye DPI 400 au 800, wengine 1600. Ngoja niwaoneshe kwa nini. Nimeweka Counter-Strike 2, DPI 800, sensitiviti 1, yaani ule wepesi wa kugeuka unaouweka ndani ya gemu. Naanza hapa kwenye huu mshono wa mkeka wa mausi, nasogeza mkono mpaka nizunguke duara zima nirudi nilikoanza. Mnaona rula? Sentimita 52 karibu na kamili. Mkono mzima umefanya kazi, bega limo, na vidole vimebaki na kazi ya kurekebisha kidogo tu pale kichwa cha adui kilipo. Sasa naweka DPI 12800, sensitiviti ileile. Duara zima ni sentimita 3 na robo. Nikikohoa tu nimeshageukia ukutani. Hakuna binadamu analenga kichwa kilicho mbali kwa namna hiyo.

Kwa wa Valorant, ukitaka mwendo huohuo wa sentimita 52, kwa DPI 800 weka 0.314. Gemu mbili, mkono mmoja.

Haya, rula. Pima kuanzia kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, hapa kiganja kinapoanzia, mpaka ncha ya kidole cha kati. Wangu ni sentimita 18. Ukiwa chini ya 17 mkono wako ni mdogo, 17 hadi 19 wa kati, ukizidi hapo mkubwa. Halafu shika mausi yoyote iliyopo hapo nyumbani bila kufikiria, uangalie kiganja chako. Kuna wanaolaza kiganja chote juu ya mausi. Kuna wanaokunja vidole kama kucha za mwewe, kiganja kinagusa nyuma tu. Na kuna wanaoishika kwa ncha za vidole peke yake. Hakuna iliyo sahihi kuliko nyingine, ila mausi zimechongwa tofauti kwa kila mshiko. Anayelaza kiganja anataka iliyojaa mgongoni na ndefu. Anayekunja vidole anataka fupi, nyepesi.

Hapa mezani ninazo tatu. Hii kubwa ni Razer DeathAdder Essential, milimita 127, gramu 96. Umbo hili Razer walilianza 2006 na mpaka leo wanaendelea nalo, na ukiishika unaelewa. Kidole gumba kinakuta mahali pake chenyewe. Hii ya kati ni Logitech G102, milimita 117 hivi, gramu 85. Na hii nyepesi ni Razer Viper Mini ya 2020, milimita 118, gramu 61. Ukizishika kwa macho yamefungwa unahisi tofauti ya hizo gramu kabla hata hujazisogeza. Na saa moja ya mechi ikipita, mkono unaihisi zaidi.

Sasa niseme jambo ambalo video nyingi za ng'ambo hazilisemi, kwa sababu wanaozitengeneza hawaishi hapa. Sisi tuna jasho na tuna chumvi.

Sogeeni karibu na kamera. Hii ni mausi yangu ya pili, ilikuwa nzuri kwelikweli, ubavuni ina mpira laini wa kushikia. Miaka miwili tu hapa Shangani, oneni nikigusa: mpira umeyeyuka, unanata kama bibo lililopasuka, kidole kinaacha alama. Unyevu wa hewa unauvunja ule mpira kidogo kidogo, na jasho linamalizia. Kwa hiyo ukiwa Mtwara, Mikindani, Lindi, Kilwa, tafuta ubavu wa plastiki ngumu yenye ukwaruzo kidogo. Ukikuta mpira laini unaovutia pale dukani, ujue uzuri wake ni wa muda.

La pili ni swichi, kile kidude kilicho chini ya kitufe kinacholia ukibofya. Swichi ya kawaida ina vibati viwili vidogo vya metali vinavyogusana. Mnajua metali inavyofanywa na hewa yetu, angalieni tu nondo za madirisha. Vibati vikishika kutu nyepesi, mguso unakatikakatika: unabofya mara moja, kompyuta inasoma mara mbili. Kwenye gemu ya risasi hilo ni balaa. Unataka kupiga risasi moja ya shabaha, zinatoka mbili, ya pili imeshapanda juu. Au umeshikilia kitufe ufyatue mfululizo, bunduki inajikatia yenyewe. Yangu ilifika huko. Fundi aliifungua, akasugua vibati kwa karatasi laini, ikakaa wiki tatu, ikarudia.

Ndiyo maana nimeipenda Viper Mini kwa ajili ya sehemu zetu. Swichi zake za kubofyea zinatumia mwanga. Ukibonyeza, mwanga uliokuwa umezibwa unapita, kompyuta inajua umebofya. Ishara haisubiri vibati vigusane, kwa hiyo ugonjwa wa kubofya mara mbili kwa ajili ya kutu hauna pa kuanzia. Sauti yake ni kali kidogo, isikilizeni... mtu aliyelala chumba cha pili ataisikia. Mimi nakubali kelele hiyo.

Dawa ndogo kwa mausi yoyote mliyo nayo: ukimaliza kucheza ifute kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, kisha iweke kwenye kopo la mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Watu wanavitupa. Msivitupe.

Tuje dukani. Beba laptopu yako. Muuzaji akikukatalia kujaribu, msalimie uondoke. Fungua programu ya kuchorea ya Windows, chora mistari ya mshazari polepole. Mstari ukiwa na ngazingazi zinazotetemeka, au ukijinyoosha wenyewe uwe sawa kama umepigwa rula, sensa inaweka mambo yake juu ya mkono wako. Halafu bofya polepole mara hamsini, uhesabu kama kuna iliyojirudia. Halafu kadi. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76. Weka kadi nne chini ya mausi huku na huku, katikati paache wazi chini ya sensa, uisogeze. Hapo imeinuka milimita 3. Mshale ukiendelea kukimbia, iache. Sisi wa sensitiviti ya chini tunainua mausi na kuirudisha kila mara, na mausi inayosoma ikiwa hewani inakuhamishia shabaha.

Ukiijaribu, weka mkeka chini. Meza ya mninga iliyopigwa vanishi inang'aa, sensa nyingine nzuri tu inapepesuka juu yake. Nilishawahi kuirudisha mausi nzima kumbe kosa ni la meza.

Na G102, kwa kuwa inapendwa, ina feki. Ukiichomeka, fungua programu ya Logitech inayoitwa G HUB. Isipotambuliwa, usitoe hela.

Wengi mmeniuliza zisizo na waya. Zenye kile kidude chake cha USB ziko sawa. Logitech G304 nimeitumia, ikiwa na betri ni gramu 99, inatumia betri moja ya AA, ileile ya saa ya ukutani, na wenyewe wanaandika saa 250. Ukiweka betri ya lithiamu unapunguza gramu 8 hivi. Ila ile ya Bluetooth peke yake ni ya kazi za ofisini, inachelewa.

Kuhusu Hz, yaani mara ngapi kwa sekunde: mausi ya kawaida inatoa taarifa mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Ya gemu mara 1000, kila milisekunde 1. Hiyo 1000 itafute. Zile 8000 ziache, hasa kama laptopu yako ni ya zamani na skrini ni ya Hz 60, zitakula prosesa bure. Tena sisi huku mechi nyingi zinatupeleka seva za mbali, ucheleweshaji wa intaneti unaufunika huo wote. Na kwenye mipangilio ya Windows, kile kiboksi kinachodai kuongeza usahihi wa mshale, kitoe alama. Kinabadilisha mwendo kulingana na kasi ya mkono, na mkono hauwezi kukariri kitu kinachobadilika.

Kwa hiyo mimi, mkono wa sentimita 18 na vidole vya kukunja, nimebaki na Viper Mini. Ni toleo la 2020, ukiipata uliza vizuri kama ni mpya au imeshatumika. Hela ikiwa haifiki, G102, ukijua swichi zake ni za vibati na zinataka matunzo. Mwenye mkono mkubwa anayelaza kiganja, DeathAdder, ila ina mpira ubavuni, ifute kila siku. Dada yangu anatumia kushoto. G102 na Viper Mini zinamkaa kwa sababu zimelingana pande zote, ingawa vitufe vya ubavu viko upande mmoja tu, kwake vinaangukia kidole cha pete, kwa hiyo amevizima.

Mdogo wangu wa Newala, wewe uko juu kwenye mwinuko, chumvi haikufikii kama sisi, kwa hiyo hata swichi za vibati zitakukalia zaidi. Ukiagiza Kariakoo, wakupigie video wakiwa wameichomeka, kabla mzigo haujapanda basi. Hiyo hela usiitume leo. Pima mkono, niandikie sentimita na jinsi unavyoishika, nitakujibu usiku huuhuu.