SGR Dar–Dodoma kwa anayekwenda kula Krismasi kwao

Kama kwenu ni Dodoma na Krismasi unataka kuila nyumbani, panda treni ya umeme ya SGR, ile reli mpya ya kisasa. Viti ni vizuri na kiyoyozi kinafanya kazi yake, lakini mimi kilichonifurahisha zaidi ni saa ya kufika. Zamani nikiondoka Mbezi kwa basi tarehe 24, foleni ya kutoka mjini, mizani, kusimama kula, naingia nyumbani usiku mgongo umekufa ganzi. Mbuzi ameshachinjwa, vitunguu vimeshakaangwa, wadogo zangu wamechoka. Mimi mtoto wa kwanza wa kike nakaribishwa sebuleni na kuandaliwa sahani kama mgeni. Iliniuma kila mwaka. Krismasi iliyopita nilipanda treni ya asubuhi, na mchana nilikuwa nimeshafunga kanga jikoni kwa mama.

"Umefika na jua hili hili?" mama akashangaa. Hata chai hajanipa, akanisogezea ungo wa mchele nichambue.

Huduma ya kufika Dodoma ilianza Julai 25, 2024, baada ya ile ya Morogoro iliyoanza mwezi mmoja kabla. Nauli ya daraja la kawaida ilipangwa kuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake, na walio chini ya hapo bure. Kwa familia yenye watoto wadogo hesabu hiyo inasaidia sana. Safari ni kama saa nne hivi, na treni ya haraka inawahi zaidi. Uwe na kitambulisho, na ufike stesheni mapema, maana ukaguzi ni kama wa uwanja wa ndege na treni haimsubiri mtu aliyekwama Kariakoo.

Mimi nilikuwa na nazi. Dodoma nazi ni kitu cha kusafirishwa, na mama yangu akipata maharage ya nazi anasahau kwamba daktari kamkataza kula sana. Begi likapita kwenye mashine, dada wa ukaguzi akaisimamisha na kutazama yale madude ya mviringo kwenye kioo.

"Dada, humu kuna nini?"

"Nazi za mama, nampelekea Krismasi."

Akatabasamu, akaniambia nipite. Wahudumu wa ndani nao walikuwa na adabu hiyohiyo. Kuna bibi alikuwa anapanda kwa mara ya kwanza, kijana wa behewa alimshika mkono mpaka kwenye kiti na kumwonyesha choo kilipo kabla hajauliza.

Baada ya Morogoro ndiyo sehemu ninayoipenda. Reli inaelekea Kilosa, inaingia milimani, giza la handaki linafunika dirisha ghafla na watoto behewa zima wanapiga kelele, kisha mwanga, kisha handaki tena. Ukitoka huko nchi inaanza kukauka, unaona mibuyu, unajua Ugogoni kumekaribia.

Lakini hapo ndipo panapokuja hasara yake, nami naisema kwa sababu nyumbani waliiona kabla sijakaa. Treni haipiti Gairo. Kwa basi, safari ya sikukuu ilikuwa pia soko: mboga na nyanya Dumila, viazi vitamu Gairo vinapandishwa dirishani, ukifika Kibaigwa miguu haina pa kukaa. Mama alizoea viazi vya Gairo kwa ajili ya chai ya asubuhi ya sikukuu. Krismasi hiyo tulikunywa na mkate. Kwa hiyo kama zawadi zenu ni za kununua njiani, au una magunia, basi bado lina kazi yake. Kwa treni, nunua kila kitu Dar, na ununue kinachobebeka.

Faida niliyoipata jikoni inazidi viazi, hata hivyo. Pilau kila mtu anapika. Mlenda wa mama ndio sikuwa nimeuona ukipikwa tangu nihamie Dar, na naupenda kuliko nyama. Ni majani ya porini yaliyokaushwa na kutwangwa, unga wake ni wa kijani kilichofifia. Maji yakichemka mama anatia magadi kidogo sana, kwa ncha za vidole, kisha nyanya, kisha anamwaga mlenda taratibu huku mimi napekecha. Unga wa karanga unakuja mwisho, na hapo moto unapunguzwa. Siku ya Krismasi watoto walikimbilia pilau, wazee wote wakakaa upande wa ugali wa uwele na mlenda, baba akaongeza mara mbili na kuuliza nani kaupekecha. Nikajibu mimi.

Sasa la tiketi. Msimu wa sikukuu zinagombaniwa, hivyo usingoje mshahara wa Desemba. Kata ya kwenda na ya kurudi siku moja, kwa sababu wote mlioondoka pamoja mtataka kurudi pamoja. Bajaji ya kutoka stesheni ya Dodoma patana nayo bei kabla hujapakia begi, au mwambie mdogo wako aje kukupokea. Mimi Desemba hii napanda tena ya asubuhi, na mama ameshaagiza nazi ziongezwe.